Gawa kwa mgonjwa, gawa kwa msanii: data inavyovuja kutoka mafunzoni hadi majaribioni

Chukua rekodi ya muziki ya sekunde 30, ikate vipande 10 vya sekunde 3. Fanya hivyo kwa rekodi 1,000, nawe una vipande 10,000. Kwa anayefundisha modeli (programu inayojifunza kutokana na mifano) ya kutambua aina za muziki, 10,000 inapendeza kuliko 1,000. Sasa vichanganye vyote kama karata, weka asilimia 80 kwenye mafunzo na asilimia 20 kwenye majaribio, kisha iachie kompyuta kazi. Matokeo yatatoka mazuri sana, na hayatafaa kitu.

Tupige hesabu. Kila kipande kilichoangukia majaribioni kina ndugu tisa waliotoka kwenye rekodi ileile, na kwa wastani 7.2 kati yao wako mafunzoni. Uwezekano kwamba hakuna hata ndugu mmoja aliyeingia mafunzoni ni 0.2 ikizidishwa yenyewe mara tisa, yaani kama nafasi 1 kati ya milioni 2. Kwa hiyo modeli inapoulizwa kuhusu kipande kipya, imekwisha kusikia ngoma ileile, sauti ileile ya mwimbaji, mwangwi uleule wa studio, hata mvumo uleule wa nyuma ya rekodi. Haihitaji kujua rege ni nini. Ikiitambua rekodi, inalikumbuka jibu.

Sikubuni ukubwa huo. Seti ya data ya GTZAN, iliyotokana na kazi ya George Tzanetakis ya 2002, ina rekodi 1,000 za sekunde 30 katika aina 10 za muziki, 100 kwa kila aina, na kuikata vipande vya sekunde 3 ni mazoea ya wengi wanaojifunzia kazi hii juu yake. Tena ndani ya seti yenyewe mna rekodi zilizojirudia na wasanii waliojitokeza mara nyingi, kasoro ambazo mtafiti Bob Sturm alizichambua kwa kina. Ndiyo kusema hata asiyekata vipande hajasalimika.

Ninachotaka kusema ni hiki: data hugawanywa kwa chanzo, haigawanywi kwa faili. Chanzo ni kile kitu kimoja kilichozaa faili nyingi zinazofanana: mgonjwa, slaidi, sahani ya maabara, familia ya protini, msanii, mchoro. Kabla hujagusa modeli yoyote, jiulize: nikienda na modeli hii kazini, kipi kitakuwa kipya kwake? Kama kipya ni mgonjwa, basi majaribio yawe na wagonjwa ambao mafunzo hayajawaona hata mara moja.

Kosa hili linahama kutoka fani moja hadi nyingine kwa sababu zana zenyewe zinahama. U-Net, umbo la mtandao wa neva wa kompyuta, ilitoka Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, mwaka 2015, mikononi mwa Olaf Ronneberger, Philipp Fischer na Thomas Brox, kwa kazi ya kuchora mipaka ya seli. Mojawapo ya seti walizoifundishia ilikuwa na picha 30 tu za hadubini ya elektroni, pikseli 512 kwa 512, za tishu ya neva ya lava wa inzi wa matunda. Mwaka 2017 umbo lilelile likatumika kutenganisha sauti ya mwimbaji na ala. Mwaka 2019 Deezer, kampuni ya muziki wa mtandaoni, wakatoa Spleeter, zana ya kutenganisha sauti iliyojengwa juu yake. Mwaka 2022 likawa kiini cha Stable Diffusion, inayochora picha kutokana na maneno. Mtu anaweza kuitoa zana hiyo kwenye seli akaipeleka kwenye nyimbo kwa mchana mmoja. Ujuzi wa nini kinahesabika kuwa mfano mmoja katika fani ya pili hausafiri kwa kasi hiyo.

Tuanze na hospitali, maana huko kosa linaumiza watu. Seti ya ChestX-ray14 ina picha za eksirei ya kifua 112,120 za wagonjwa 30,805. Wastani ni picha 3.6 kwa mtu, lakini wastani unaficha: wapo wenye picha moja, na wapo waliopigwa picha mara nyingi kwa sababu walilazwa muda mrefu. Ukigawa kwa faili, mtu huyohuyo anakuwa pande zote mbili. Mbavu zake, kifaa cha moyo kilichopandikizwa, waya za upasuaji wa zamani, vyote vinamtambulisha. Safuwima ya namba ya mgonjwa imo ndani ya jedwali la seti hiyo, kwa hiyo kugawa kwa mgonjwa ni mistari miwili mitatu ya programu.

Lakini mgonjwa si chanzo cha mwisho. Juu yake kuna hospitali. John Zech na wenzake walichapisha mwaka 2018, katika PLoS Medicine, utafiti wa modeli ya kutambua nimonia kwa picha za mifumo mitatu ya hospitali za Marekani. Katika mfumo mmoja asilimia 34.2 ya picha zilikuwa na nimonia. Katika mwingine, asilimia 1.2. Modeli iliyofunzwa kwa picha za mifumo hiyo miwili ilipata 0.931 kwa kipimo cha eneo chini ya mkunjo wa ROC (1 ni kutokosea kabisa, 0.5 ni kubahatisha) ilipojaribiwa ndani ya mifumo hiyohiyo. Ilipopelekwa kwenye mfumo wa tatu, ikashuka hadi 0.815. Wakaonyesha jambo lenye uzito zaidi: kupanga picha kwa kufuata hospitali zilikotoka, bila kuangalia mapafu hata kidogo, kunafikisha 0.861. Na kujua hospitali si kazi kwa modeli. Kile kialama cha madini ya risasi chenye herufi kinachowekwa pembeni mwa kifua wakati wa kupiga picha kina umbo lake na mahali pake katika kila hospitali, na picha iliyopigwa kwa mashine ya kusukumwa hadi kitandani huwa na sura yake.

Kwenye slaidi za tishu mambo yako hivyohivyo, ila rangi ndiyo inayosema. Slaidi ikisomwa kwa ukuzaji wa mara 40 hutoa takriban maikromita 0.25 kwa pikseli, na picha ya pikseli 100,000 kwa 80,000 si ajabu. Ikate miraba ya 256 kwa 256, unapata 390 kwa 312, yaani miraba 121,680 kutoka kwa mgonjwa mmoja, kabla ya kutupa ile iliyo tupu. Hematoksilini na eosini, rangi mbili zinazotumika zaidi, hutoka tofauti kati ya maabara na maabara: muda wa kuloweka, unene wa mkato, umri wa dawa, skana iliyotumika. Frederick Howard na wenzake walionyesha mwaka 2021, katika Nature Communications, kwamba modeli hutambua kituo kilichotoa slaidi hata baada ya rangi kusawazishwa kwa njia za kawaida. Tiba waliyopendekeza ni hiyohiyo: gawa ili kituo kizima kikae upande mmoja.

Hapa kuna hesabu ambayo ningependa kila mwenye seti ndogo aifanye kabla ya kujisifu. Tuseme una wagonjwa 40, picha 100 kwa kila mmoja, jumla 4,000. Kama picha za mgonjwa mmoja zinafanana kwa uwiano wa 0.5 kati yake (0 ni kutohusiana, 1 ni kulingana kabisa), basi picha hizo zinapunguzwa nguvu kwa 1 + (100 − 1) × 0.5, yaani 50.5. Gawanya 4,000 kwa 50.5: una mifano kama 79. Kwa hiyo ukikokotoa kiwango cha uhakika wa matokeo (jibu la kweli linaweza kuwa kati ya namba ipi na ipi) kwa bootstrap, yaani kuchota sampuli upya mara nyingi, usichote picha. Chota wagonjwa 40 kwa kurudisha, mara 1,000 au zaidi, na kila mgonjwa aje na picha zake zote. Utaona kiwango kikipanuka sana. Hicho ndicho cha kweli.

Katika biolojia ya maabara chanzo kinachosahaulika zaidi ni sahani. Sahani ya vishimo 96, vya kukuzia seli, ina safu 8 kwa 12, na vishimo 36 kati ya hivyo viko ukingoni. Ukingoni maji huvukiza haraka kuliko katikati, chumvi inakolea, seli zinabadilika umbo. Sasa fikiria maabara imeweka vidhibiti chanya (vishimo ambavyo jibu lake linajulikana kuwa ndiyo) vyote kwenye safuwima ya 1 na vidhibiti hasi (jibu ni hapana) kwenye safuwima ya 12, kwa kuwa ndivyo pipeti ya njia nyingi inavyorahisisha. Vishimo vyote vya safuwima hizo viko ukingoni, halafu kila kingo ina tabia yake kutegemea mlango wa inkubeta uko upande gani. Modeli itajifunza kutofautisha kushoto na kulia. Mgawanyo wowote wa data hauwezi kulisahihisha hilo baadaye; dawa inaanza kwenye mpangilio wa sahani, vidhibiti vitawanywe kwa bahati nasibu, na ukingo ujazwe maji tu kama nafasi inaruhusu.

Mpangilio ukiwa sawa, bado kuna mkupuo: seli zilizokuzwa wiki moja, dawa kutoka chupa moja, taa ya hadubini ya siku hiyo. Seti ya RxRx1 ilitengenezwa makusudi kwa tatizo hili. Ina picha 125,510 kutoka majaribio 51, aina 4 za seli na siRNA (vipande vifupi vya RNA vya kunyamazisha jeni) 1,108, na mgawanyo wake rasmi ni kwa jaribio zima: 33 ya mafunzo, 18 ya majaribio. Anayetaka kuona kwa macho yake tofauti kati ya mgawanyo wa faili na mgawanyo wa mkupuo, aanzie hapo.

Protini hazina mgonjwa wala sahani, zina ukoo. Mfuatano wa amino asidi wa protini ya panya na wa binadamu unaweza kufanana kwa zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo mmoja ukiwa mafunzoni na mwingine majaribioni, umejaribu kumbukumbu. Njia ya kawaida ni kukusanya mifuatano katika makundi kwa programu kama MMseqs2, kizingiti asilimia 30 ya kufanana, halafu kugawa makundi. Tahadhari: asilimia 30 haitoshi kila mara. Umbo la protini hudumu kuliko mfuatano wake, kwa hiyo kama kazi yako ni ya maumbo, gawa kwa familia za mikunjo zilizoorodheshwa na hifadhidata za CATH au SCOP. Mashindano ya CASP, yanayofanyika kila baada ya miaka miwili tangu 1994, yalilimaliza tatizo hili kwa njia safi kuliko zote: washiriki hutabiri maumbo ambayo bado hayajachapishwa. Ndiyo maana matokeo ya AlphaFold, modeli ya kutabiri maumbo ya protini, katika CASP ya 2020 yaliaminika mara moja.

Upande wa jeni kuna uvujaji mwingine usiohusu vyanzo, bali mpangilio wa hatua. Jaribu mwenyewe, ni dakika tano. Tengeneza jedwali la sampuli 50 na jeni 5,000, zote zikiwa namba za nasibu tupu. Zipe nusu lebo (jibu la kutabiriwa) 0, nusu lebo 1, kwa nasibu pia. Chagua jeni 100 zinazohusiana zaidi na lebo, ukitumia sampuli zote 50. Halafu ndipo uanze kugawa na kupima kwa mizunguko, kila mzunguko ukiweka kando sampuli tofauti za kupimia, kwa modeli rahisi ya jirani wa karibu, inayotoa jibu la sampuli inayofanana zaidi. Kosa la kweli ni asilimia 50, kwa sababu hakuna chochote cha kujifunza. Utakachokiona kwenye skrini ni asilimia chache tu. Uteuzi wa jeni ulikwisha kuona majibu. Hamisha uteuzi ndani ya kila mzunguko, kosa linarudi asilimia 50.

Sanaa sasa. Watu hudhani hapa hakuna madhara, lakini modeli za kutambua mchoraji hutumika kwenye mabishano ya kazi ghali. Kazi za Vermeer zinazokubalika kuwa zake hazifiki 40. Hata tukisema ni 36 na kila moja ikatwe vipande 500, una vipande 18,000 na bado una mifano 36. Chanzo cha kwanza ni mchoro. Cha pili ni aliyeupiga picha. Makumbusho moja hupiga picha kwa taa, kamera na kadi ya rangi ileile kwa miaka. Ikiwa kazi halisi zote zimetoka kwenye makumbusho makubwa na zile za kuiga zimetoka kwenye katalogi zilizoskaniwa, modeli yako ni hodari wa kutambua skana.

Kwenye sauti mwenzake skana ni mfinyo wa faili, yaani kuipunguza ukubwa. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde kwa kawaida hukata masafa yaliyo juu ya takriban kilohezi 16. Ukiifungua kwenye spektrogramu (picha ya masafa ya sauti) unaona paa tambarare, juu yake ni weusi mtupu. Kama muziki uliorekodiwa na watu umekuja kwa WAV isiyofinywa, na ule uliotungwa na akili mnemba umekuja kwa MP3, kitambuzi chako kitatazama paa hilo tu. Pitisha faili zote kwenye mfinyo mmoja, kata zote kilohezi 15, fundisha upya. Alama zikiporomoka, hukuwa umepima muziki. Spleeter yenyewe inafaa kukumbukwa hapa: modeli zake za kawaida zinashughulikia masafa hadi kilohezi 11 tu, kwa hiyo sauti zilizopitia humo zinabeba alama yake, na ukizichanganya na ambazo hazijapitia, umetengeneza njia nyingine ya mkato.

Kazi yenyewe huenda hivi. Tengeneza jedwali moja lenye safuwima za faili, lebo na kundi, na kundi liandikwe na mtu anayeijua data, si kukisiwa kutoka kwenye jina la faili. Kokotoa SHA-256, alama ya kipekee inayotokana na yaliyomo, ya kila faili. Zinazolingana ni nakala, baki na moja. Kwa picha ongeza alama ya mwonekano ya biti 64 (picha zinazofanana hupata alama zinazokaribiana), kisha ufungue kwa macho kila jozi inayotofautiana kwa biti 5 au pungufu. Kwa muziki tumia Chromaprint, programu ya kutambua rekodi kwa sauti yake, itakukamatia wimbo uleule uliotolewa kwenye albamu mbili. Hapo ndipo ugawe. Katika scikit-learn, maktaba ya Python ya kufundisha modeli, GroupKFold na GroupShuffleSplit hupokea safuwima ya kundi moja kwa moja, na StratifiedGroupKFold hujaribu kusawazisha lebo pia. Kumbuka kwamba test_size ya 0.2 katika GroupShuffleSplit ni asilimia 20 ya makundi, si ya faili: mgonjwa mmoja mwenye picha 900 akiangukia upande wa majaribio, atayameza. Hesabu faili na lebo za kila upande baada ya kugawa, kila mara.

Kusawazisha thamani, kuteua vipengele, kujaza mapengo, kuzidisha mifano michache kwa SMOTE, kugeuza na kuzungusha picha: vyote baada ya kugawa, na vipimo vyake vitoke mafunzoni tu. Havina uzito sawa. Wastani uliokokotolewa kwa data yote huvujisha kidogo sana. SMOTE kabla ya kugawa huharibu kila kitu, maana mfano wa bandia ni mchanganyiko wa majirani wawili, na mmoja wao anaweza kuwa majaribioni.

Nimeona kosa moja likijirudia kwenye programu zinazowekwa wazi: majaribio yamegawanywa vizuri kwa mgonjwa, lakini seti ya uthibitisho, ile inayotumika kuamua lini usimamishe mafunzo, imekatwa kwa faili kutoka kwenye mafunzo. Basi hasara (kipimo cha makosa) ya uthibitisho inaendelea kushuka wakati modeli inakariri wagonjwa, na unachagua mzunguko uliokariri zaidi. Gawa pande tatu kwa kundi.

Makundi yenyewe hayako safi kila mara. Picha za macho mawili ni za mtu mmoja. Mgonjwa aliyehama anaweza kuwa na namba mbili. Katika muziki, A akishirikishwa na B, na B akishirikishwa na C, ukiunganisha kila anayegusana unaishia na kundi moja kubwa lililomeza nusu ya seti, hasa kwenye rap. Protini zenye sehemu nyingi huunganisha familia kwa namna ileile kabisa. Ninachopendelea ni kuweka kundi kwa msanii mkuu, kisha kuondoa majaribioni kila wimbo ambao mshirikishwaji wake yumo mafunzoni. Unapoteza mifano kadhaa, unabaki na majaribio unayoweza kuyatetea.

Kisha pima uvujaji wenyewe. Fundisha modeli ileile kutabiri chanzo badala ya lebo. Ikitambua hospitali au albamu kwa urahisi, linganisha uwiano wa lebo kati ya vyanzo, maana njia ya mkato iko wazi. Funika mapafu kwa mraba mweusi, fundisha na upime upya. Eksirei isiyo na mapafu haipaswi kutoa nimonia. Na kama umeanzia kwenye modeli iliyokwisha kufunzwa na wengine kwa data ya intaneti, seti ya majaribio ya wazi huenda ilikuwemo humo. Tumia data iliyokusanywa baada ya tarehe ya mwisho ya mafunzo yake.

Makundi yakiwa machache mno, tuseme wagonjwa 12, acha mgawanyo mmoja. Mtoe mgonjwa mmoja, fundisha kwa 11, mpime aliyetoka, rudia mara 12. Halafu usiandike wastani peke yake. Chora nukta 12, moja kwa kila mgonjwa, pamoja na ya yule ambaye modeli ilimkosea picha zake zote.